KWA NINI SERIKALI YA WATU ILIANGUKA UJERUMANI, 1919–1933

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na waalimu)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo lililotukia mbali na hapa, katika nchi ya Ujerumani, kati ya vita vikuu viwili vya dunia. Labda mmoja wenu atajiuliza moyoni, "Mambo ya Wajerumani yatuhusu nini sisi?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza. Wazee wetu wa Tanganyika waliwajua watu hao kwa jina la Wadachi. Waliyaona maboma yao, walilipa kodi yao, na katika vita vya mwaka 1914 mpaka 1918 walichukua mizigo ya majeshi ya pande zote mbili, na wengi hawakurudi kwao. Vita vile ndivyo vilivyoishusha bendera ya Wadachi katika nchi hii. Na vita vile vile ndivyo vilivyomwondoa Kaisari wao katika kiti chake huko Berlin, watu wake wakajifanyia serikali mpya. Serikali hiyo ilidumu miaka kumi na minne tu. Ilipoanguka, haikupita miaka mingi ila vita vya pili vilianza, na vijana wa Afrika ya Mashariki wakachukuliwa kwenda kupigana mpaka Uhabeshi na Burma. Basi yaliyoharibika Berlin yalifika mpaka vijijini mwetu.

Swali letu la leo ni hili. Wajerumani walikuwa na shule katika kila kijiji, vyuo vikuu vyenye sifa duniani, magazeti mengi, reli na viwanda. Je, ilikuwaje watu wenye elimu namna ile waupoteze uhuru wao, si kwa kushindwa vitani, bali kwa kalamu na karatasi?

Majibu ya kawaida ni matatu. Wengine husema ni ulimi wa Hitler uliowalevya watu. Wengine husema ni njaa na ukosefu wa kazi. Na wengine husema ni mapatano magumu waliyotiwa na washindi wao. Yote matatu yana kweli ndani yake, wala siyakatai. Lakini mtu akikuuliza kwa nini nyumba fulani iliungua, haitoshi kumjibu kwamba kulikuwa na kiangazi na upepo. Kiangazi na upepo vilipita juu ya nyumba zote za kijiji. Taabu iliyoanza mwaka 1929 iliingia Marekani na Uingereza pia, na mamilioni ya watu wakakosa kazi huko. Hata hivyo waliendelea kuziondoa serikali zao kwa kura na kuweka nyingine kwa kura. Kwa hiyo nataka kuwaonyesha jambo la nne, nalo ndilo kubwa: serikali ya watu ya Ujerumani haikuvunjwa na mwizi aliyebomoa mlango. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani, na waliofungua ni wale waliopewa funguo wazitunze.

Tuanze mwanzo. Mwezi wa Septemba 1918 wakuu wa majeshi, Hindenburg na Ludendorff, walimwambia Kaisari kwamba hawawezi kushinda tena, na kwamba yafaa kuomba vita visimamishwe upesi. Mwanzo wa Novemba mabaharia na wafanya kazi waliasi mijini. Tarehe 9 Novemba ilitangazwa kwamba Kaisari Wilhelm II ameacha enzi, naye akakimbilia Uholanzi. Siku ile ile Philipp Scheidemann, mmoja wa wakuu wa chama cha Wasoshalisti, alisimama dirishani katika jumba la Baraza Kuu, ambalo kwao huitwa Reichstag, akautangazia umati wa watu kwamba Ujerumani sasa ni jamhuri. Siku mbili baadaye mizinga ilinyamaza huko Ulaya. Huku kwetu habari zilichelewa, na Jemadari von Lettow-Vorbeck hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala.

Mwezi wa Januari 1919 watu wote waliotimiza miaka ishirini walipiga kura, na wanawake pamoja nao kwa mara ya kwanza. Vyama vitatu vilivyoipenda jamhuri, yaani Wasoshalisti, chama cha Wakatoliki kiitwacho Zentrum, na Wademokrati, vilipata robo tatu ya kura zote. Kwa kuwa Berlin ilikuwa na ghasia, wajumbe walikutana katika mji mdogo wa Weimar, na ndiyo sababu serikali ile huitwa Jamhuri ya Weimar. Katiba ilitiwa sahihi tarehe 11 Agosti 1919 na Rais wa kwanza, Friedrich Ebert, ambaye ujanani mwake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Ilikuwa katiba njema. Ilimpa kila raia haki ya kusema, kuandika, kukutana na wenzake, na kuabudu apendavyo. Ilikuwa na ufa mmoja, nami nitaurudia.

Serikali ile changa ilizaliwa na mizigo miwili mizito kichwani. Mzigo wa kwanza ni uwongo. Wakuu wa jeshi walioomba vita visimamishwe hawakwenda wao wenyewe kutia sahihi. Walimwacha raia mmoja, Matthias Erzberger wa chama cha Zentrum, aende kuibeba aibu ile. Kisha mwaka 1919 Hindenburg alisimama mbele ya kamati ya Baraza akatia nguvu hadithi iliyokwisha kuenea, kwamba jeshi halikushindwa, bali lilichomwa kisu mgongoni na watu wa nyumbani. Hadithi hiyo ilipendwa sana, maana humpunguzia mtu uchungu akiambiwa kwamba hakushindwa bali alisalitiwa. Erzberger aliuawa kwa risasi mwezi wa Agosti 1921. Walther Rathenau, Waziri wa mambo ya nchi za nje, aliyekuwa Myahudi, aliuawa mwezi wa Juni 1922. Hivyo ndivyo walivyolipwa wale waliokubali kubeba mzigo wa wengine.

Mzigo wa pili ni mapatano yaliyotiwa sahihi Versailles tarehe 28 Juni 1919. Kwa mapatano yale Ujerumani ilipoteza makoloni yake yote, na Tanganyika ikiwa mojawapo. Ilirudisha Alsace na Lorraine kwa Ufaransa. Jeshi lake lilipunguzwa lisizidi watu 100,000. Nayo ilitakiwa kukubali kwamba ilivileta vita na kwamba itailipa hasara. Mwaka 1921 deni hilo lilihesabiwa kuwa mark za dhahabu 132,000,000,000. Deni lote halikulipwa kamwe, lakini hasira yake iliingia katika kila nyumba, na wapinzani wa jamhuri walisema kila siku kwamba aibu ile ni kazi ya jamhuri.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Husema kwamba serikali ile ilizaliwa mgonjwa na ilikuwa lazima ife. La, sivyo. Ilipigwa mara nyingi ikasimama. Mwezi wa Machi 1920 askari waasi waliuteka mji wa Berlin wakamweka Wolfgang Kapp kuwa mkuu wa serikali. Lettow-Vorbeck yule yule aliyejulikana huku kwetu alikuwa upande wa waasi, katika mji wa Schwerin, na kwa sababu hiyo aliondolewa katika jeshi. Je, ni nani aliyeiokoa jamhuri? Wafanya kazi na watumishi wa serikali ndio walioiokoa. Waliacha kazi wote kwa pamoja. Treni hazikwenda, taa hazikuwaka, makarani hawakuandika barua za Kapp. Baada ya siku chache Kapp alikimbia. Watu walipotaka kuilinda serikali yao, waliweza.

Mwaka 1923 ulikuja mbaya kuliko hiyo. Majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia bonde la Ruhr, penye makaa ya mawe na viwanda vya chuma, kwa sababu malipo yamechelewa. Serikali iliwaambia wafanya kazi wa huko wagome, ikawalipa kwa kuchapisha noti. Noti zilichapishwa mpaka zikawa kama majani makavu. Kabla ya vita dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa mark 4 na senti zake. Mwezi wa Novemba 1923 ilibadilishwa kwa mark 4,200,000,000,000, maana yake milioni milioni nne na zaidi. Mzee aliyeweka akiba ya maisha yake yote hakuweza kununua hata stempu ya barua. Wenye mashamba na madeni walipona. Mwalimu, mjane, na karani aliyestaafu waliangamia. Watu hao wa kadiri, ambao katika kila nchi ndio nguzo za utaratibu, hawakuisamehe jamhuri.

Katika mwezi ule ule wa Novemba 1923, Adolf Hitler, aliyekuwa koplo katika vita, alijaribu kuipindua serikali katika mji wa Munich. Polisi waliwapiga risasi watu wake njiani, na jambo likaisha. Hitler alishitakiwa kwa uhaini. Mahakimu walimhurumia, walimpa kifungo cha miaka mitano, na kabla ya mwaka 1924 kwisha alikuwa nje. Mdharau mwiba mguu huota tende. Huyu alikuwa mlinzi wa kwanza kulegea, yaani hakimu aliyemwona mhaini kuwa mtu wa heshima kwa kuwa alijidai kuipenda nchi.

Hata baada ya hayo nyumba ilisimama. Fedha mpya ilitengenezwa, na watu wakaiamini. Gustav Stresemann, Waziri wa mambo ya nchi za nje, alipatana na Ufaransa mwaka 1925, na mwaka 1926 Ujerumani iliingia katika Ushirika wa Mataifa. Mikopo ya Marekani ilijenga nyumba na kufungua viwanda. Katika uchaguzi wa mwezi wa Mei 1928 chama cha Hitler kilipata viti 12 tu katika viti 491. Kama mngaliuliza mwaka ule, watu wengi wangaliwaambia kwamba Hitler amekwisha.

Sasa nirudi kwenye ule ufa wa katiba. Kifungu cha 48 kilisema kwamba, usalama wa nchi ukiwa hatarini, Rais aweza kutoa amri zenye nguvu ya sheria bila kulingoja Baraza, na aweza hata kuzisimamisha baadhi ya haki za raia kwa muda. Ulikuwa kama ufunguo wa akiba, uliowekwa kwa ajili ya siku ya moto. Baraza lilikuwa na haki ya kuzifuta amri hizo. Lakini kifungu kingine kilimpa Rais uwezo wa kulivunja Baraza, na kingine kilimpa uwezo wa kumchagua Waziri Mkuu, aitwaye kwao Kansela. Kila kifungu peke yake kilikuwa na maana yake. Vikishikwa vyote vitatu na mkono mmoja, vilitosha kuitawala nchi bila Baraza. Ebert alikitumia kifungu cha 48 mara nyingi, hasa mwaka 1923, lakini alikitumia ili jamhuri iishi. Ebert alikufa mwezi wa Februari 1925, na mahali pake watu walimchagua Hindenburg, jemadari mzee wa miaka 77, ambaye moyo wake ulikuwa bado kwa Kaisari. Ufunguo ukaingia katika mkono wa mtu asiyeipenda nyumba.

Mwezi wa Oktoba 1929 Stresemann alifariki, na kabla mwezi ule haujaisha soko la hisa la New York lilianguka. Waliokopesha walitaka fedha zao, viwanda vikafungwa, watu wakaachishwa kazi. Wakati huo serikali ilikuwa ya vyama vilivyoungana, Hermann Müller Msoshalisti akiwa Kansela, nayo ilikuwa na wingi katika Baraza. Mwezi wa Machi 1930 vyama hivyo viligombana juu ya malipo ya bima ya wasio na kazi: je, yapandishwe kidogo au yasipandishwe? Ugomvi ulikuwa juu ya sehemu ndogo sana ya mshahara. Kila chama kiliogopa wafuasi wake kuliko kilivyoiogopa hatari ya nchi. Hawakupatana, na tarehe 27 Machi serikali ilijiuzulu. Hakuna aliyejua siku ile kwamba hiyo ndiyo serikali ya mwisho ya jamhuri kutawala kwa wingi wa Baraza.

Washauri wa Hindenburg walifurahi, kwa kuwa walikuwa wakitafuta njia ya kutawala bila Wasoshalisti. Heinrich Brüning wa Zentrum alifanywa Kansela. Alikuwa mtu mwaminifu na mwenye bidii, lakini hakuwa na wingi. Mwezi wa Julai 1930 Baraza lilipokataa mpango wake wa fedha, Rais aliutoa kwa amri. Baraza lilipoifuta amri, Rais alilivunja Baraza. Huu ndio mwanzo wa kuutumia ufunguo wa siku ya moto kufungulia mlango kila asubuhi. Uchaguzi ulifanywa mwezi wa Septemba, katikati ya ukosefu wa kazi, na chama cha Hitler kikatoka viti 12 kikafika viti 107.

Brüning aliamini kwamba dawa ni kubana matumizi. Alipunguza mishahara ya watumishi, alipunguza misaada ya maskini, alipandisha kodi. Mwaka 1931 mabenki makubwa yalifunga milango. Mwanzo wa mwaka 1932 watu zaidi ya milioni sita waliandikwa kuwa hawana kazi. Na hesabu hii yaonyesha jinsi Baraza lilivyonyauka: mwaka 1930 lilipitisha sheria 98, na Rais alitoa amri 5, mwaka 1931 sheria zilikuwa 34 na amri 44, mwaka 1932 sheria zilikuwa 5 tu, na amri hazikupungua 60. Basi yule asemaye kwamba Hitler ndiye aliyewafundisha Wajerumani kutawaliwa kwa amri asema nusu ya kweli. Hitler alipofika, raia walikuwa wamekwisha kuizoea amri, nao walikuwa wamekwisha kulidharau Baraza kuwa mahali pa makelele tu.

Mtaniuliza, "Je, watu wenyewe hawakukosa?" Walikosa. Katika uchaguzi wa Julai 1932 watu 37 katika kila mia walimpa Hitler kura, akapata viti 230 katika viti 608. Wakomunisti walipata viti 89. Vyama hivyo viwili vilichukiana mpaka kuuana barabarani, lakini vilikuwa na neno moja la kupatana: vyote viwili havikutaka jamhuri, na pamoja vilikuwa na zaidi ya nusu ya Baraza. Viliweza kuangusha kila serikali wala havikuweza kujenga hata moja. Wakomunisti, kwa mafundisho yaliyotoka Moscow, waliwaita Wasoshalisti ndugu wa Mafashisti, wakawapiga vita kuliko walivyompiga Hitler. Naye Hitler hakuficha nia yake. Mwezi wa Septemba 1930 alisimama mbele ya mahakama kuu ya Leipzig, akaapa kwamba atatafuta utawala kwa njia za sheria, na akiisha kuupata ataigeuza serikali apendavyo. Aliyasema hayo mchana kweupe, na watu wakubwa walimsikia.

Hata hivyo, kumbukeni: Wajerumani hawakumpa Hitler wingi wa kura katika uchaguzi wo wote uliokuwa huru. Mwezi wa Aprili 1932 alishindana na Hindenburg katika kugombea urais, akashindwa. Mwezi wa Novemba 1932 chama chake kilipoteza kura milioni mbili na viti 34. Hazina yake ilikuwa na madeni, na wafuasi wake walianza kukata tamaa. Mwisho wa mwaka ule magazeti mengi yaliandika kwamba hatari imepita. Nani, basi, aliyemwinua aliyekuwa akishuka?

Hapa twafika kwa wenye funguo. Mwisho wa mwezi wa Mei 1932 Hindenburg alimwondoa Brüning, na mwezi wa Juni akamweka Franz von Papen, bwana mwenye ukoo, asiyekuwa na wafuasi katika Baraza. Tarehe 20 Julai Papen aliiondoa kwa amri serikali ya Prussia, jimbo kubwa kuliko yote, lililokuwa na polisi wengi na lililotawaliwa na Wasoshalisti. Wasoshalisti hawakuita watu waache kazi kama mwaka 1920, walikwenda mahakamani. Wenye kazi walikuwa wakiogopa kuipoteza, na wasio na kazi hawana cha kugomea. Baada ya Papen alikuja Jemadari Kurt von Schleicher, naye akadumu siku hamsini na kitu. Papen, kwa kumwonea Schleicher wivu, alikutana na Hitler kwa siri mwezi wa Januari 1933, wakapatana. Kisha Papen na wenzake walimshawishi yule Rais mzee, ambaye zamani alikataa kabisa kumfanya yule koplo kuwa Kansela.

Hoja yao ilikuwa hii: Hitler ana watu, sisi tuna akili. Tumpe cheo, tumzungushie mawaziri wetu, awaletee wakubwa wafuasi wake, nasi tutaendesha mambo. Hivyo tarehe 30 Januari 1933 Hitler aliapishwa kuwa Kansela. Katika mawaziri wake, Wanazi walikuwa wawili tu, Frick na Göring. Waliobaki walikuwa wakubwa wa zamani, na Papen mwenyewe alikuwa Makamu. Walidhani wamemfunga kamba. Lakini Frick alipewa mambo ya ndani ya nchi, na Göring alipewa polisi wa Prussia, wale wale ambao Papen aliwanyang'anya Wasoshalisti. Papen alitengeneza mtego kwa ajili ya wengine, akamkabidhi Hitler kamba yake.

Yaliyobaki yalichukua wiki nane. Usiku wa tarehe 27 Februari jumba la Reichstag liliungua. Kesho yake Hindenburg alitia sahihi amri ya kuondoa haki za kusema, kuandika, kukutana, na kutofungwa bila hukumu. Amri ilitolewa kwa nguvu ya nini? Kwa nguvu ya kifungu cha 48. Ilisemwa kuwa ni ya muda, ikakaa miaka kumi na miwili. Maelfu ya wapinzani walikamatwa. Hata kwa hofu ile, katika uchaguzi wa tarehe 5 Machi, Wanazi walipata kura 44 tu katika mia, wakahitaji msaada wa chama kingine ili wawe na wingi.

Tarehe 23 Machi 1933 Baraza lilikutana katika nyumba ya michezo ya nyimbo iitwayo Kroll, na askari wa chama cha Hitler wamejaa ndani na nje. Wajumbe waliombwa kuipa serikali uwezo wa kutunga sheria peke yake kwa miaka minne, hata sheria zinazopinga katiba. Ilitakiwa theluthi mbili. Wakomunisti wote, na baadhi ya Wasoshalisti, walikuwa wamefungwa au wamekimbia. Chama cha Zentrum kilisitasita. Kiliahidiwa mambo, kikaahidiwa na barua ya kuthibitisha ahadi hizo. Barua haikufika, lakini kura zao zilitolewa. Otto Wels, mkuu wa Wasoshalisti, alisimama peke yake mbele ya umati ule akasema kwamba chama chake hakikubali. Kura za ndiyo zilikuwa 444, za siyo 94, na zote 94 zilikuwa za Wasoshalisti. Baraza lilijizika lenyewe, kwa kuhesabu kura, kwa utaratibu wote.

Mnaweza kuuliza yaliyowapata wale wenye akili waliotaka kumtumia Hitler. Chama cha Zentrum kilijivunja wenyewe mwezi wa Julai 1933, na tarehe 14 mwezi ule ikatolewa sheria kwamba kutakuwa na chama kimoja tu. Brüning alikimbia nchi mwaka 1934. Tarehe 30 Juni mwaka ule Schleicher aliuawa nyumbani mwake pamoja na mkewe; Papen alizuiliwa nyumbani kwake, na wasaidizi wake wawili wakauawa. Tarehe 2 Agosti Hindenburg alikufa, na Hitler akatwaa urais pia. Hapo hapakuwa tena na mtu wa kumwuliza neno. Wayahudi, ambao walikuwa wamekwisha kunyimwa kazi na heshima, walikuja kuuawa kwa mamilioni, na vita vilivyoanza mwaka 1939 viliiacha Ujerumani yenyewe majivu.

Wajerumani walijifunza kwa gharama kubwa. Katiba mpya ya upande wa magharibi, iliyotangazwa tarehe 23 Mei 1949, haikumpa Rais ufunguo ule tena. Ilisema pia kwamba Baraza haliwezi kumwondoa Kansela ila liwe limekwisha kumchagua mwingine wa kushika mahali pake, ili wanaoungana kubomoa walazimike kwanza kuungana kujenga.

Nimalize kwa maneno machache. Wengi wetu hapa tumepewa amana fulani: mmoja amepewa baraza la wazee, mmoja shule, mmoja hazina ya chama cha ushirika, mmoja muhuri wa kijiji. Kila amana ina ufunguo wa siku ya moto, yaani uwezo wa kukata shauri peke yako wakati ambapo hakuna nafasi ya kuwauliza wenzako. Uwezo huo wahitajika. Lakini moto ukizimika, urudishe ufunguo mahali pake, na watu wote waone kwamba umeurudisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa namna hii huanza siku ile mwenye amana aonapo kwamba kazi yaenda upesi zaidi bila wenzake.

Tena, mtu akikuambia wazi kwamba akipewa nyumba yako ataibomoa, msadiki. Usimpe funguo kwa kudhani kuwa wewe ni mwerevu kuliko yeye, wala kwa sababu yule jirani unayemchukia atakasirika. Papen na wenzake hawakuwa wajinga. Walijua kusoma, walijua sheria, walikuwa na nasaba. Walichokosa ni kuipenda nyumba waliyopewa kuitunza.